Maziwa hayaoshi mapafu

*Nakaanga chipsi kwa mkaa, Isevya. Nikinywa maziwa kila jioni, yatasafisha mapafu?*

Hapana. Maziwa yanakwenda tumboni. Swali hili nimeshalijibu mpaka nimechoka. Hata wachomelea vyuma mnaniuliza hilohilo.

*Baba mkwe alichochea moto wa mabani, vibanda vya kukaushia tumbaku, Urambo miaka mingi. Hakuwa na kikohozi, akafa ghafla kwa moyo. Ukoo unasema karogwa. Yaweza kuwa moshi?*

Pole sana, dada. Kwa marehemu mmoja siwezi kuapa, ila kutokukohoa si ushahidi. Masizi makubwa hunaswa puani, unayaona ukipenga. Chembe zinazoua ni nyembamba kuliko unywele mara 30 hivi. Hizo hupita mpaka ndani kabisa ya mapafu, mishipa ya damu ikakakamaa na damu ikaganda kirahisi. Ndiyo maana moshi huua sana kwa moyo na kiharusi, watu wakabaki kuulizana nani kamtupia jini. Watafiti wa Harvard waliwafuatilia watu wazima zaidi ya 8,000 katika miji sita ya Marekani, miaka 14 hadi 16. Matokeo yalitoka 1993: Steubenville, mji wenye hewa chafu kuliko yote sita, vifo vilizidi vya Portage, wenye hewa safi zaidi, kwa asilimia 26, hata baada ya kuzingatia uvutaji wa sigara. Na hiyo ni hewa ya mtaani tu, si ya mtu anayekesha mdomoni mwa bani. Waambieni vijana waliorithi kazi hiyo wapokezane zamu.

*Kiasi gani cha moshi hakina madhara?*

Hakijapatikana. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kikomo cha wastani wa mwaka wa chembe hizo nyembamba hewani kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo.

*Jirani analalamika nikichoma taka uani.*

Ana haki. Na hiyo mifuko ya plastiki itoe.

*Gesi ghali, mume wangu anasema kuni ni za bure. Nifanyeje?*

Za bure kwa nani? Yeye yuko kijiweni na kahawa, wewe ndiye unayepuliza. Mtungi mdogo uwe wa chai na mboga. Maharage yaloweke usiku, uyapikie nje kwa kuni kavu. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Mtoto wa mgongoni mtoe mbele ya mafiga leo. Na jiko la mkaa msilale nalo chumbani msimu wa baridi. Hilo halingoji miaka.