Kabla Hujajiunga na Shahada ya Sayansi, Teknolojia na Ujasiriamali, Uliza Nani Atakusahihisha

Wahitimu wa fizikia, kemia, biolojia na uhandisi huniandikia mara kwa mara wakitaka kujua kama ni busara kuendelea na shahada ya uzamili au ya uzamivu inayounganisha sayansi, teknolojia na ujasiriamali, na karibu wote huwa na hofu moja, kwamba watayashindwa masomo ya fedha na masoko. Mimi nilipita njia hiyo nikitokea kemia, na naiona hofu hiyo kuwa imeelekezwa pasipo pake. Mtu aliyezimudu hesabu za joto na nishati hatashindwa kusoma mizania ya kampuni. Atajifunza kwa majuma machache, na pengine atashangaa kuona jinsi hesabu zenyewe zilivyo nyepesi kuliko maamuzi yanayozifuata.

Ugumu wa masomo haya uko kwa wasahihishaji. Kila taaluma ina namna yake ya kukubali kwamba kazi imekamilika, na mwanafunzi wa taaluma tatu hupimwa kwa vipimo vitatu kwa wakati mmoja. Mwanasayansi atakuuliza kama ulilolipata ni kweli na umelithibitisha vipi. Mhandisi atakuuliza kama kifaa chako kitafanya kazi mara ya elfu moja, tena mikononi mwa mtu asiyejua kilivyoundwa. Mwekezaji atataka kujua ni nani atakayelipa, na kwa nini asimlipe mwingine. Msimamizi wangu wa maabara alitaka nirudie jaribio hadi kiwango cha makosa kipungue, ilhali yule wa upande wa biashara aliona kwamba matokeo ya kwanza yanatosha kunitoa maabarani nikazungumze na watumiaji. Kila mmoja alikuwa sahihi kwa mujibu wa taaluma yake, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kuamua nimfuate nani. Wapo walionikumbusha kwamba mshika mbili moja humponyoka, nami nilikuwa nimeshika tatu.

Kwa sababu hiyo, nawashauri wanaoomba nafasi wapate jibu la maandishi, kabla ya muhula wa kwanza kuanza, kuhusu mambo haya: nani watakuwa watahini wa tasnifu, wanatoka idara zipi, na sura ya biashara itahesabiwa kuwa sehemu ya utafiti au kiambatisho tu. Programu inayojisifu kwamba haina mipaka ya taaluma hunitia wasiwasi mpaka nione ukurasa wa kanuni zake za utahini. Nashauri pia uchague taaluma moja iwe msingi wako, ile ambayo ukibishana na mtaalamu wake utaweza kusimama bila msaada, na hizo nyingine uzijenge juu yake. Kamati nyingi za ajira vyuoni bado huundwa na idara moja moja, kwa hiyo anayetaka kuwa mhadhiri lazima awe na makala katika majarida ambayo idara hiyo inayaheshimu.

Mgongano wa vipimo huonekana wazi zaidi pale sayansi inapotaka uchapishe na biashara inapotaka unyamaze. Mfano unaojulikana sana ni wa Stanley Cohen wa Chuo Kikuu cha Stanford na Herbert Boyer wa Chuo Kikuu cha California, ambao mwaka 1973 walichapisha mbinu ya kuunganisha vipande vya DNA na kuvizalisha ndani ya bakteria. Ombi la hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi bila idhini, liliwasilishwa Novemba 1974, siku chache tu kabla ya kutimia mwaka mmoja ambao sheria ya Marekani inamruhusu mvumbuzi aliyekwisha kuchapisha. Katika nchi nyingi nyingine nafasi ilikuwa imeshapotea, kwa kuwa sheria zao zilitaka uvumbuzi uwe haujawekwa hadharani kabisa. Hata hivyo hataza ya kwanza ilitolewa mwaka 1980, na leseni zake ziliviingizia vyuo hivyo viwili zaidi ya dola milioni 200. Boyer, kwa upande wake, alishirikiana na Robert Swanson, mtu aliyetoka katika shughuli za mitaji, wakaanzisha kampuni ya Genentech mwaka 1976.

Mwanafunzi anayesoma habari hiyo huona mamilioni. Mimi humwomba atazame kalenda. Bango ulilobandika kwenye kongamano linaweza kuhesabiwa kuwa ni kuweka uvumbuzi hadharani, na vivyo hivyo muhtasari uliowekwa kwenye intaneti au tasnifu iliyofikishwa maktaba bila zuio. Nenda kwenye ofisi ya chuo inayoshughulikia hataza na leseni kabla hujatuma muhtasari wa kongamano lako la kwanza, hata kama unadhani huna cha kulinda. Vyuo vingi hukubali tasnifu izuiliwe kusomwa kwa kipindi fulani, lakini ni lazima uombe mapema.

Ukiwa huko, uliza habari ya umiliki. Marekani, sheria ya Bayh-Dole ya mwaka 1980 iliviwezesha vyuo kumiliki uvumbuzi uliotokana na utafiti uliofadhiliwa na serikali kuu, na nchi nyingine zimetunga kanuni zao. Larry Page, mmoja wa waanzilishi wa Google, alibuni PageRank, mbinu ya kupanga kurasa za wavuti kwa umuhimu wake, akiwa mwanafunzi wa uzamivu, lakini hataza ikawa mali ya Stanford, na Google ikapewa leseni ya kuitumia. Chuo kilipokea hisa na kuziuza kwa dola milioni 336. Hakuna aliyedhulumiwa hapo. Nasema tu kwamba mkataba wa ufadhili unaotia saini kwa furaha ya kupata nafasi ndio utakaoamua kama siku moja utakuwa mwenye uvumbuzi wako au mwombaji wa leseni yake.

Kuhusu kuzungumza na watumiaji, wanasayansi wengi hulidharau jambo hili mpaka walifanye. Programu ya I-Corps, iliyoanzishwa mwaka 2011 na Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani, huzitaka timu zake kufanya mahojiano yapatayo 100 ndani ya majuma 7, na mara nyingi anayeongoza timu ni mwanafunzi au mtafiti kijana. Nilipoanza mahojiano yangu niligundua kwamba mafunzo ya maabara yananisaidia kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa swali linalomwelekeza mtu kwenye jibu lina kasoro ileile ya jaribio lisilo na kidhibiti, yaani lisilo na cha kulinganishia. Muulize mtu anafanya nini sasa, inamgharimu nini, na mara ya mwisho tatizo lilipotokea alilitatua vipi. Ukimuuliza kama anapenda wazo lako, atakujibu kwa adabu, na adabu haina thamani katika data.

Kipimo cha NASA cha ukomavu wa teknolojia, chenye ngazi 1 hadi 9, nilikitumia kuwasuluhisha wasimamizi wangu. Ngazi ya 4 ni ya teknolojia iliyothibitishwa maabarani, na kwa maoni yangu hapo ndipo tasnifu nyingi zingepaswa kuishia bila aibu. Ngazi za juu zinadai fedha na miaka ambayo mwanafunzi hana, hasa katika dawa na vifaa vya tiba. Kwa hiyo andika pendekezo la utafiti kwa namna ambayo tasnifu itafaulu hata soko likikataa bidhaa yako. Swali kama "Je, kichocheo hiki kinaweza kutengenezwa kwa gharama inayoshindana na kilichopo?" lina jibu la kitaaluma liwe ndiyo au hapana, lakini kuahidi kampuni ndani ya miaka miwili kunawaachia watahini jambo ambalo wao na wewe hamna uwezo nalo.

Programu itakapokukaribisha kuitembelea, omba kusoma tasnifu za waliokutangulia, uanze na ukurasa wenye majina ya watahini. Kisha uliza wako wapi wahitimu ambao hawakuanzisha kampuni, maana hao kwa kawaida ndio wengi, na wanaotajwa kwenye vipeperushi ni wale wachache walioanzisha.