Jibu: CD ya draiva ya printa inakataa baada ya kuweka Windows 11

Ndugu wa Kondele, printa ya saiba yako haijafa. Umetoka Windows 10 ya biti 32, na Windows 11 ni ya biti 64 pekee, kwa hivyo draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na printa) ya biti 32 kwenye CD ile haitaingia hata uirudie hadi jioni.

Chomoa waya wa USB. Futa printa kwenye mipangilio, lakini usiishie hapo maana mabaki ya draiva hukaa: bonyeza Windows na R, andika printui /s /t2, bonyeza Enter, na kwenye orodha itakayofunguka chagua draiva ya printa hiyo uiondoe pamoja na furushi lake (faili zake za usakinishaji). Kisha pakua draiva ya biti 64 kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Zile tovuti za draiva za bure ziogope, zimejaa virusi. Ukiikosa na printa inaelewa PCL 6 (lugha ambayo kompyuta hutumia kuiagiza printa), draiva ya jumla ya kampuni hiyo huwa inatosha. Waya urudishe programu ya kuweka draiva ikikuomba, si kabla.