Maumivu sugu ya kano za bega: tiba inaweza kuanzia kwenye simu

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenisaidia bega sijawahi kuonana naye ana kwa ana. Maumivu yalikuwa yamenikalia miezi, hasa usiku nikilalia upande ule, na tiba yote ilifanyika kwa simu ya video.

Wengi huamini bega haliponi bila kukandwa. Lakini kano iliyochoka, yaani kamba ngumu inayoshikiza msuli kwenye mfupa, huimarishwa na mzigo unaoongezwa kidogo kidogo, na mzigo huo unaubeba wewe. Mwaka 2021 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza wa watu 708 wenye maumivu haya. Waliopata kikao kimoja tu cha ushauri, kisha wakafanya mazoezi wenyewe, baada ya mwaka hawakuachwa nyuma na waliopangiwa hadi vikao sita.

Zoezi la kwanza nililopewa: simama ubavu kwa ukuta, kunja kiwiko nyuzi 90 kikiwa kimegusa mbavu, sukuma ukuta kwa mgongo wa kiganja bila mkono kusogea. Shikilia sekunde 30, pumzika, rudia mara tano. Likiwa jepesi, hamia kwenye utepe wa mpira, halafu kuinua chupa ya maji.

Maumivu ya 3 au 4 kati ya 10 wakati wa zoezi si hatari, mradi kesho yake yawe yametulia. Yasipotulia, punguza nguvu, lakini usiache kabisa. Hapa ndipo watu hukwama: wanapumzisha mkono wiki nzima, kano inazidi kudhoofika, wakirudi wanaumia upya. Jipe majuma 12 kabla ya kusema mazoezi yameshindwa.

Unapopiga simu, vaa nguo isiyo na mikono, weka simu mbali ili mtaalamu aone kiuno hadi kichwa, kisha mgeuzie mgongo aone kombe la bega linavyotembea. Mwambie kinachokushinda: kuchana nywele, kufikia rafu.

Ila kuna bega la kupelekwa hospitali: lililoishiwa nguvu ghafla baada ya kuanguka, au lililovimba likiambatana na homa. Likiuma pamoja na kifua kubana au pumzi kukata, nenda saa hiyohiyo. Na kama mkono haugeuki nje hata ukigeuzwa na mtu mwingine, huenda bega limeganda, jambo linalowapata zaidi wenye kisukari; hilo lina matibabu yake.