Sukari ya kupanda na ya kushuka si aina mbili

Mdau umesema kuna kisukari cha aina mbili, sukari ya kupanda na ya kushuka. Hapana, "ya kupanda" na "ya kushuka" sio aina za kisukari, ugonjwa ni uleule, kipimo cha sukari kwenye damu tu ndo kinapanda au kushuka. Aina zenyewe kuna ya kwanza, mwili hautengenezi insulini (homoni inayoshusha sukari kwenye damu), mara nyingi inaanza utotoni au ujanani na haiji kwa kula sukari, halafu ya pili ndo hii imejaa mtaani, insulini ipo ila mwili hauitikii vizuri, inaendana na kitambi, umri, kukaa tu na damu ya ukoo, na kuna ya mimba, ambayo hata ikiisha ukijifungua inakuacha na hatari ya kupata aina ya pili baadaye.

Kushuka mara nyingi kunaletwa na dawa. Mama mdogo wangu hapa Makorora, Tanga, alichoma insulini asubuhi akasema angoje mkate wa boflo wa moto, ukachelewa, tukamkuta kalowa jasho, mikono inatetemeka, anaongea hovyo, kipimo 2.8 mmol/L, yaani imeshuka sana. Tukampa maji ya sukari, dakika 15 akaanza kuuliza chai yake iko wapi 😅 (ila aliyezimia usimnyweshe kitu, kimbiza hospitali).

Kupanda ndo kunakula mtu kimyakimya, macho, figo, ganzi za miguu, kidonda hakifungi. Asubuhi hujala kitu ikisoma 7 mmol/L kwenda juu, ukarudia siku nyingine bado vilevile, hicho ni kisukari.