Ngome, kasri au husuni?

Swali: Naandika makala kuhusu Krak des Chevaliers, jengo la zama za kati lililo juu ya kilima huko Syria. Mimi niliandika "ngome", mhariri akabadilisha kila mahali kuwa "kasri". Nani yuko sahihi? Na je, "husuni" haifai?

Jibu: Uko sahihi wewe. Kasri ni makao ya mfalme au sultani, yawe na kuta za kujihami au yasiwe nazo. Krak haikujengwa ili mfalme akae kwa raha. Mwaka 1142 Raymond II, mtawala wa Tripoli (ya Lebanon, si ya Libya), aliikabidhi kwa Wahospitali, watawa wa Kikristo waliobeba panga katika vita vya msalaba, nao wakaijenga upya kwa ajili ya vita: kuta mbili, moja ndani ya nyingine, mteremko mzito wa mawe kwenye kitako cha ukuta wa ndani, njia ya kuingilia yenye kona kali, adui asipate kulikimbilia lango moja kwa moja. Salahuddin, sultani wa Misri na Syria, alifika mwaka 1188, akaitazama, akapita zake. Iliangukia mikononi mwa Sultani Baibars wa Misri mwaka 1271. Jengo la hivyo ukiliita kasri, msomaji atatafuta mazulia.

Husuni limetokana na Kiarabu hisn, na Waarabu waliiita ngome hiyohiyo Hisn al-Akrad, yaani ngome ya Wakurdi, kwa kuwa askari wa Kikurdi waliwekwa pale karne ya 11. Kwetu neno hilo liko Kilwa Kisiwani: Husuni Kubwa. Kichekesho ni kwamba hiyo ndiyo ilikuwa kasri hasa, ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14, yenye bwawa la pembe nane, juu ya jabali linalotazama bahari. Jirani yake ni Husuni Ndogo. Angalia, si "Husuni Dogo". Neno linakwenda na ngome katika ngeli ya I-ZI. Siku hizi limebaki zaidi kwenye majina, kwa hiyo litaje unapoeleza jina la Kiarabu, kisha endelea na ngome.

Jambo jingine dogo: upande wa kusini, kati ya kuta mbili za Krak, pana shimo refu lenye maji. Hilo ni handaki. Mhariri akiandika "mfereji", mkatalie pia.