Mtoto asiguse akaunti yako, mkuu

Mkuu, hapana. Umeandika kwamba binti yako wa miaka miwili na nusu anaililia laptopu, na mpango wako ni kumwekea michezo humo humo unamofanyia kazi zako, kisha unauliza anunuliwe mausi gani, kibodi gani na apewe michezo ipi. Acha mausi kwanza. Mwaka 2021 nilifanya hivyo hivyo unavyotaka kufanya, na hasara yake sijailipa mpaka leo.

Kijana wangu alikuwa na miaka mitatu. Nilimuuliza fundi aliyenibadilishia diski kama nimfungulie mtoto akaunti yake. Akanijibu kwa kujiamini kabisa: "Akaunti ya nini kwa mtoto mdogo? Mwekee michezo hapo mbele. Kusoma hajui, atafuta nini?" Nikamwamini, maana ndiye fundi. Wakuu, kufuta hakutaki kusoma, kunataka kidole tu. Mtoto wa umri ule na kibodi ni kuku na mtama ulioanikwa, hachagui punje.

Hapo hapo mbele palikuwa na folda niliyoiandika "Mzee". Ndani mna saa mbili za sauti ya marehemu baba, nilizomrekodi kwa simu barazani kwake Muheza, akitaja ukoo wetu jina kwa jina: nani kamzaa nani, nani alihamia Pangani na kwa nini hakurudi. Nyuma yake kuku wanalia, na kuna mahali anasita, anakohoa, anasema, "Subiri, huyu nimemruka." Simu ilipojaa nikazihamishia kwenye kompyuta, nikazifuta kwenye simu. Nakala ikabaki hiyo moja.

Mtoto akaibofya folda, akapiga vibonye. Windows haikumuuliza kitu, ikaipeleka kwenye kikapu cha taka kimya kimya. Ingebaki humo ningeikuta. Lakini wiki chache baadaye kompyuta ilikuwa nzito, nikairudisha kwa fundi yule yule, naye "akaisafisha". Akamwaga kikapu bila kuniuliza mna nini.

Diski aliyoniwekea ilikuwa SSD, zile za kisasa zisizo na kitu kinachozunguka ndani. Zile za zamani zinazozunguka, kitu kikifutwa huwa bado kipo mpaka kiandikwe kingine juu yake, kwa hiyo mara nyingine hupatikana. SSD huambiwa na Windows kwamba nafasi ile haina kazi tena, nayo huifagia yenyewe. Nilikwenda Kariakoo kwa wanaorejesha data. Programu yao ilionyesha majina ya faili zote kumi na moja, hata na saa folda ilipoingia kikapuni: Jumapili asubuhi, mtoto akiwa amepakatwa na shangazi yake mbele ya kompyuta. Tukafungua ya kwanza, kimya. Tukafungua zote.

Fundi nilipompigia akaniambia nilipaswa kuwa na nakala. Sawa, nilipaswa. Lakini mtu anayesema "atafuta nini" kwa kompyuta isiyo yake, kisha akamwaga kikapu cha watu bila kufungua aangalie, hafai kushikishwa kazi ya mtu. Baba hayupo tena kibarazani nimrekodi upya.

Kwa hiyo leo, mtoto akilala, fanya hivi. Ingia kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya akaunti, mwongeze kama mtu mwingine, na akaunti yake iwe ya kawaida, isiwe ya msimamizi. Yako iwekee nywila, maana bila nywila mlango uko wazi na ulichofanya ni bure. Mafaili yako yakae ndani ya folda za akaunti yako, ambazo yeye hawezi kuzifungua. Ukiyaweka kwenye diski D, kwa kawaida akaunti yoyote ya kompyuta hiyo inayafikia na kuyafuta. Ukinyanyuka hata kwenda kufungua geti, bonyeza kibonye cha Windows pamoja na L, skrini ijifunge. Na kabla ya yote hayo, nakili unavyovipenda kwenye diski ya nje, uichomoe, uiweke kabatini.

Michezo: GCompris ni ya bure, ina mazoezi ya kushika mausi kuanzia miaka miwili, na ukishaipakua haihitaji intaneti. Shirika la Afya Duniani linasema umri huo skrini isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi.

Mdogo wake yule kijana sasa ana miaka mitatu. Akaunti yake haina nywila, nimeiwekea picha ya tembo. Anapanda kiti, anambofya tembo mwenyewe, anaingia. Kwenye picha yangu mimi akibofya, anaulizwa nywila, anarudi kwa tembo wake.