Ng'ombe wameuzwa, samadi bado ipo

ULIZA KWA MAMA MAABARA

Shikamoo Mama Maabara. Nafundisha Baiolojia kidato cha tatu katika shule ya kata wilayani Chamwino. Mwezi uliopita wahudumu wa afya walikuja kijijini, wakawatoboa watu vidole chini ya mbuyu na kuwapima malaria. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa amemaliza dawa mseto siku tisa kabla. Hana homa, anacheza mpira. Kipimo kikaonyesha malaria. Kesho yake akaniuliza darasani: "Mwalimu, dawa ndiyo feki au kipimo ndicho kibovu?" Nikamjibu kipimo kibovu, tukaendelea na notisi. Tangu hapo sina amani. Wanafunzi wangu wanaughani mzunguko wa maisha ya kimelea kama ngonjera, lakini ukiuliza "kwa nini" wote wanatazama madaftari. Nifanyeje? Hadubini tunayo moja, na lenzi yake imepasuka.
– Mwalimu, Chamwino

Marahaba, mwalimu. Huyo mwanafunzi mrudishie swali lake, tena mbele ya wenzake. Amekupa majibu mawili uchague, na huenda yote mawili si kweli: dawa ilifanya kazi, na kipimo nacho kilifanya kazi.

MRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria walichopimwa kijijini, haimtafuti kimelea mwenyewe. Nyingi hutafuta protini ambayo Plasmodium falciparum huimwaga kwenye damu, na protini hiyo yaweza kubaki humo wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Ng'ombe wamepelekwa mnadani Msalato, wameuzwa, lakini anayepita zizini bado anakuta samadi.

Usikimbilie kuwaambia hivyo. Waulize: ukikuta samadi, utajuaje kama ng'ombe bado wapo? Kisha nyamaza. Hesabu moyoni hadi 20, maana sisi walimu kimya hutuwasha kama upupu. Mmoja atasema aangalie kama samadi ni mbichi. Mwingine atasema aende usiku akawahesabu. Huyo wa pili ameshaifikia slaidi: tone la damu chini ya hadubini, ambapo vimelea wenyewe huonekana na kuhesabiwa.

Na usijilaumu sana kwa lile jibu lako. Miaka yangu ya mwanzo kazini, kwenye zahanati moja, niliacha kipimo cha kusomwa baada ya dakika 15, nikaenda kunywa chai na mihogo. Nimerudi saa nzima baadaye, nakuta kamstari kembamba kwenye T, pale panapoonyesha malaria. Nikaandika "chanya". Mzee mmoja wa Kigogo, aliyekuwa akikohoa mbele yangu kabisa, akapewa dawa ya malaria. Siku ya tatu akaletwa kwa baiskeli, anahema kama mvukuto. Nimonia. Alipona, namshukuru Mungu, na tulipokutana njiani alinisalimia kwa heshima zote kana kwamba mimi ndiye niliyemponya. Salamu ile ilinichoma kuliko matusi. Kipimo hakikuwa kibovu. Msomaji ndiye aliyekuwa kwenye mihogo. Tena Dodoma malaria si nyingi kama Kigoma au Geita, kwa hiyo mstari hafifu hapa kwetu ulistahili swali moja zaidi.

Sasa zoezi. Damu usiiguse darasani, hata tone, wala usimwulize mtoto yeyote majibu ya vipimo vyake. Chukua choya, chemsha, chuja. Weka vikombe 20 vya maji, na kimoja kikoroge magadi yale ya mlenda bila mtu kuona. Choya kikiingia kwenye maji matupu kinabaki chekundu. Kikikutana na magadi ya kutosha kinageuka kijani au buluu iliyochafuka. Waambie: hawa ni watu 20, mmoja ana maambukizi, na vipimo mlivyonavyo ni 10 tu. Mtafuteni. Kabla hawajagusa kikombe, kila mmoja aandike atakavyofanya na anatarajia kuona nini. Hapo ndipo penye somo, usiparuke hata kengele ikikaribia.

Watabishana. Muda si mrefu mmoja atapendekeza kuchota kidogo kidogo kutoka vikombe vitano na kupima mchanganyiko. Makundi manne, vipimo vinne. Kundi lililogeuka rangi wanalipima kikombe kimoja kimoja, vitano. Jumla 9. Wakishashangilia, waambie kwamba mwaka 1943 Mmarekani Robert Dorfman alipendekeza njia hiyohiyo ya kuwapima kaswende vijana walioitwa jeshini.

Kisha waharibie furaha. Rudia, ila weka magadi kwenye vikombe vinne, kimoja kila kundi. Vipimo vinne, halafu 20: jumla 24, hasara kuliko kupima mmoja mmoja. Kwa nini njia iliyotuokoa jana leo imetutia hasara? Nakuahidi hakuna atakayetazama daftari.

Siku nyingine punguza magadi hadi mchanganyiko usigeuke rangi kabisa, kwa sababu umezimuliwa na choya chenyewe kina uchachu. Mgonjwa yupo, kipimo kinasema hayupo. Usiwaeleze, waache wagombane nalo hadi wiki ijayo. Na ile lenzi, mwone mtaalamu wa maabara wa kituo cha afya kilicho karibu. Wengi wetu tunaona fahari kuwaonyesha watoto slaidi, tukiombwa vizuri.

Mama, nina miaka 19, nasoma kidato cha sita hapa mjini. Nina wasiwasi na jambo nililofanya wiki mbili zilizopita. Rafiki yangu ananiambia nikachangie damu, nitapimwa VVU bila kuulizwa maswali. Ni kweli?
– Nisitajwe jina

Usifanye hivyo, mwanangu. Kwanza, maswali utaulizwa, na utashawishika kudanganya. Damu ya kuchangia hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende, lakini maambukizi ya wiki mbili yanaweza yasionekane bado, na chupa yako ikaenda kwa mama anayejifungua. Nenda kituo cha afya leo, kapime bila malipo, waeleze tarehe kamili ya jambo lenyewe, nao watakupangia siku ya kurudi. Hawatampigia mzazi wako simu.